Meno Manne ya Numa Chevalier

Bi Eulalie Chevalier alinusa karafuu kabla hajamwona mwanawe. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Maharage mekundu yalikuwa motoni na mfupa wake wa nguruwe, nyumba yote inanukia kitunguu na pilipili, na karafuu haikuwa na kazi yoyote katika sufuria ile. Mama wa watu akaweka mwiko chini.

"Numa, njoo unipulizie usoni."

"Mama, nina miaka thelathini na sita."

"Umri sijakuuliza. Nipulizie."

Numa alisimama mlangoni, kofia kailaza upande wa kushoto zaidi kuliko kawaida yake. Hakupuliza. Bi Eulalie alimwendea, akaiinua ile kofia kwa kidole kimoja, akaliona shavu. Lilikuwa limetuna na linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Tangu lini?"

"Limeanza juzi."

"Marehemu baba yako alitafuna karafuu miezi mitatu. Nikadhani anaficha pombe, kumbe anaficha jino. Nakuuliza tena, tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi," Numa akasema, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu.

Earline, mkewe, alikuwa mezani akimalizia kahawa ili awahi kazini. Hakuinua macho. "Mimi aliniambia ni upepo," alisema. "Kila usiku upepo. Nikafunga madirisha mpaka tukakosa hewa."

Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi Bwana Zeno, mtu alitumbukiza sarafu katika sanduku la muziki. Piano ikaanza, ikaja sauti ya mwimbaji Roscoe Tibbs, na baada ya beti mbili ikaingia saksafoni ya Numa. Wote watatu walitega sikio bila kukusudia. Katikati ya kipande kile kulikuwa na mlio mmoja mkali, kama wa mtu aliyebanwa kidole na mlango, kisha muziki ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlio huo ndio uliouza ile sahani ya santuri. Watoto wa mtaa wao wa Tremé waliuiga wakiruka kamba, na wapiga saksafoni wa miji ambayo Numa hajawahi kufika walikuwa wanausaka kwenye vyombo vyao. Numa peke yake ndiye aliyejua ulitoka wapi.

Jina lililoandikwa kwenye sahani lilikuwa la Roscoe. Numa alilipwa ujira wa alasiri moja akarudi nyumbani kwa miguu. Lakini sasa Roscoe alikuwa amekodi basi. Baada ya wiki tatu wangeondoka kwa siku sitini, Memphis, Chicago, mpaka New York, na safari hii Roscoe alikuwa ameahidi kwamba kwenye matangazo, chini ya jina lake, pataandikwa: pamoja na Numa Chevalier. Herufi ndogo, lakini jina ni jina. Earline alikuwa ameshamwambia Bi Agnes, mzungu aliyesimamia chumba cha pasi pale hotelini, kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi.

"Nikirudi kwenye ziara nitalitibu," Numa alisema.

"Utarudi ndani ya nini?" mama yake akauliza. "Ndani ya basi, au ndani ya sanduku?"

*

Siku ya tatu jicho la kushoto lilifumba lenyewe. Earline hakubishana naye. Alimvisha koti kama mtoto, akamshika mkono mpaka kwa Daktari Labat, ambaye alikuwa daktari wa meno wa weusi wote wa upande ule, wenye meno na wasio nayo.

Daktari alichungulia muda mrefu. "Manne ya juu," akasema. "Yote manne ya mbele. Usaha umeingia kwenye mfupa."

"Ng'oa moja."

"Hapa siyo sokoni, Bwana Chevalier."

"Daktari, saksafoni inakaa chini ya meno hayo. Naiuma. Nisipoiuma haitoi ile sauti."

"Naijua sauti yako. Binti yangu anautoa ule mlio mezani, mama yake anadondosha sahani." Daktari alikuwa anaosha mikono. "Hebu niambie, pale ulifanyaje?"

Numa alitazama dari. Kinywa kilikuwa kizito na maneno yalitoka nusunusu. "Ni jino hilihili. Tulikuwa chumba kimoja, maikrofoni moja. Zamu yako ikifika unasogea mbele, mwimbaji anakupisha. Roscoe akanipisha vibaya. Kiwiko chake kikagonga saksafoni, saksafoni ikanigonga jino. Nikalia nayo mdomoni. Nikaomba turudie. Mwenye studio akasema anayetaka kurudia alipie mwenyewe."

Daktari alicheka, halafu akaona kwamba Earline hacheki.

"Kumbe mji mzima unacheza dansi ya jino bovu," akasema taratibu. "Haya, fungua mdomo."

Yalipokwisha kutoka yote manne, Earline aliyaomba. Hakujua anayataka ya nini. Daktari aliyafunga kwenye pamba ndani ya kopo dogo la tumbaku, naye akalitia mfukoni pamoja na funguo, na njia nzima ya kurudi alisikia vinagongana.

*

Daktari alitaka ufizi upone miezi mitatu. Numa alikuwa na siku kumi na nane. Walibishana siku mbili, mwisho daktari akakubali kumtengenezea meno ya bandia ya harakaharaka, kwa sharti kwamba ni ya kulia vyakula laini na kutabasamia watu. Earline alitoa fedha aliyokuwa anawekea koti la mumewe, maana Chicago kuna baridi.

Wakati wanayasubiri, Numa alikaa kwenye baraza na mdomo umeporomoka kama wa mzee. Aliposema "saksafoni" neno lilitoka limelowa. Wapita njia walimsalimia, naye akaitikia kwa kidole kwenye kofia. Bi Eulalie alimtazama siku nne, ya tano uvumilivu ukamwisha.

"Baba yako alipiga klarineti miaka kumi na mmoja bila jino hata moja la juu," alisema. "Na wenzake walipiga hivyohivyo, wenye meno na wasio na meno. Tazama."

Alichukua mwiko, akaugeuza upande wa mpini. Akaikunja midomo yote miwili ndani, wa juu na wa chini, kama mtu anayezuia siri, akaubana mpini kwa midomo mitupu. Yeye mwenyewe hakuwa na jino tangu mwaka Earline alipoolewa. Akajaza mashavu, akaupulizia ule mpini kwa makini kabisa, vidole vyake vikitembea juu ya mti. Earline alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, unafanana na samaki."

"Samaki aliyelea watoto watano. Numa, jaribu."

"Hiyo ni ya bendi za mazishi, Mama," Numa akasema. "Watu wa Roscoe wanakata tiketi ili waruke. Ukikunja mdomo hivyo sauti inalainika. Inakuwa kama mtu anaomba radhi."

"Kuomba radhi kuna ubaya gani?"

Numa aligeukia barabara. Toka utoto alikuwa amewacheka wale wazee, na kucheka huko ndiko kulikomfanya akaiacha klarineti ya baba yake na kushika saksafoni.

Jioni hiyo Bwana Zeno alivuka barabara, mashine ya kunyolea ikiwa bado mfukoni. Mbali na ukinyozi alikuwa katibu wa chama cha kuzikana, kilichowasindikiza wafu wake kwa bendi. Alikaa, akakohoa, akasifia maua ya Bi Eulalie.

"Mpiga klarineti wetu kahamia California," alisema mwishowe. "Tunazika tukiwa na matarumbeta tupu, kama askari. Nikasema, saksafoni nayo inafaa. Unatembea tu na sisi mpaka makaburini, na kurudi."

"Bwana Zeno, mimi naenda New York."

"Najua, na nakuombea. Nilikuwa naulizia, ikitokea New York ikachelewa."

"Haitachelewa."

"Basi vizuri," Bwana Zeno alisema, akainuka. "Maua mazuri haya, Bi Eulalie."

*

Mazoezi yalikuwa Alhamisi mchana, ukumbini, juu ya duka la samani. Numa alivaa suti ya kahawia na meno yake mapya, meupe kuliko ya chini, akapanda ngazi akitabasamu ili ayazoee. Wanaume walimpokea kwa kelele. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, aliketi kijana wa miaka ishirini na miwili na saksafoni mpya mapajani. Aliinuka haraka akashika kofia.

"Wendell Gaines, bwana. Ile sahani yako nimeipiga mpaka mama yangu akaificha."

"Amekuja kusikiliza tu," Roscoe alisema. Lakini alikuwa anaiangalia piano aliposema hivyo.

Walianza. Beti mbili Numa alizipita salama, akipuliza kidogokidogo pamoja na wenzake. Zamu yake ikafika, akasogea mbele, na kwa mazoea ya miaka ishirini akauma. Alisikia kitu kimelegea. Aliposhusha saksafoni ili avute pumzi, meno yalishuka nayo. Yalikuwa yameng'ang'ania mdomo wa chombo, yote manne, yanawatazama watu.

Mpiga ngoma ndiye aliyeona kwanza. "Roscoe," alisema, "saksafoni inakuchekea."

Ukumbi ulipasuka. Numa naye alicheka, kwa sababu alijua mtu akishindwa kucheka saa kama ile hapati tena nafasi. Akayabandua meno, akayafunga ndani ya leso kwa taratibu kama mtu anayekunja barua, akayatia mfukoni.

"Tena," alisema. "Tangu beti ya pili."

Walipofika, alikunja midomo yote miwili. Alimwona mama yake na mwiko, akafumba macho ili asimwone, kisha akapuliza. Sauti iliyotoka hakuna aliyeitegemea. Ilikuwa pana na ya chini, ina pumzi ndani yake, inakwenda bila haraka. Mpiga piano alipunguza mkono mwenyewe bila kuambiwa. Pale penye mlio Numa hakuwa na meno ya kuumia, akapita na noti moja ya chini, ndefu, kama mtu anayezunguka shimo alilowahi kutumbukia.

Walipomaliza, Roscoe alikuwa amevua kofia. Aliivaa tena.

"Kaka," alisema, "siku nikifa, nakuagiza wewe. Nasema mbele ya mashahidi. Lakini watu wa Chicago hawakati tiketi wapate kuvua kofia."

"Nipe wiki moja."

"Basi linaondoka Jumatatu." Roscoe alikwenda kwenye gramafoni, akaiweka ile sahani, labda ili pasiwe na ubishi. Wakasikiliza wote. Mlio ulipopita, mpiga ngoma alitikisa kichwa kwa raha. "Huyu," Roscoe alisema akiinyooshea kidole gramafoni, "huyu ndiye ninayemtaka."

"Huyo ni mimi."

"Najua ni wewe, Numa. Ningejua la kufanya kama angekuwa mwingine."

Kisha akamwita Wendell. Kijana alipiga kipande chote noti kwa noti, hata pale ambapo Numa aliteleza siku ile studio, naye aliteleza palepale. Kwenye mlio alitoa kitu kama kuku aliyekanyagwa. Lakini ulikuwa mlio.

"Utauzoea," Roscoe alimwambia.

Numa alimpa Wendell mkono kabla ya kushuka ngazi. Kijana aliupokea kwa mikono miwili na hakuweza kumtazama usoni.

*

Earline alirudi kwa Bi Agnes Ijumaa kumwomba abaki kazini, kabla kengele haijalia. Mezani pake alikuwa ameshawekwa binti mwingine. Bi Agnes alimwacha asimame kando ya mashine ya mvuke mpaka alipomaliza kuhesabu mashuka, halafu akasema, "Nilidhani mnakwenda New York." Akampa meza ya mwisho, karibu na mabomba, ambako joto halipungui. Mchana kutwa wasichana waliimba ule wimbo wa Roscoe wakipiga pasi, na kila walipofika kwenye mlio waliutoa kwa pamoja na kumgeukia, kwa kumheshimu. Earline aliwatabasamia kila mara.

Nyumbani alikuta Numa amesukuma saksafoni chini ya kitanda, nyuma kabisa, penye sanduku la mashuka ya baridi.

"Kaka yako nimemwona," alimwambia. "Kiwanda chao cha sukari wananichukua. Naanza Jumatano."

Earline alikuwa amesubiri miaka tisa amsikie akisema maneno hayo. Alikaa kitandani akavua viatu. "Sawa," alisema, na akashangaa kwamba hakufurahi.

*

Jumatatu kabla ya adhuhuri, Wendell Gaines alisimama mbele ya baraza na saksafoni mkono mmoja na mkoba mkono wa pili. Earline, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni, alimwona wa kwanza kupitia dirishani. "Basi linaondoka saa nane," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Anataka nini tena? Meno ya chini?"

Lakini ilikuwa Jumatatu, na katika nyumba ya Bi Eulalie hakuna aliyebisha hodi Jumatatu akaondoka bila sahani ya maharage na wali. Kijana alikalishwa, akapewa kijiko. Alikula kama mtu asiyelala siku mbili.

"Bwana Numa," alisema alipofika katikati ya sahani. "Yote nimeyapata. Ule mlio ndio umenishinda. Jana nimeujaribu mpaka mdomo ukatoka damu. Kidole gani unafungua pale?"

Earline aliweka jagi mezani kwa nguvu kidogo. Alimtazama mumewe, na macho yake yalisema wazi: hicho kimoja kibakize. Numa aliyaona.

"Hakuna kidole," alisema. "Ni jino lilikuwa linaniuma."

Wendell alitua kijiko. "Sawa, bwana. Nimeelewa. Ningekuwa wewe, nami nisingesema." Akaanza kuinuka.

"Kaa chini," Bi Eulalie alisema. "Earline, mletee mgeni lile kopo."

"Mama."

"Mletee."

Earline alikwenda kabatini akarudi na lile kopo la tumbaku. Aliliweka mbele ya sahani. Wendell alilifungua, akaondoa pamba, akayaona meno manne, moja limeoza upande hadi kuwa jeusi. Halafu akalifunga kopo kwa mikono miwili, polepole.

"Lile jeusi?" aliuliza.

"Lile jeusi," Numa alisema. "Roscoe alinipiga kiwiko."

"Na sisi wote tunaouiga..."

"Ndiyo. Wote."

Bi Eulalie alimwongezea wali. Nje, kwa Bwana Zeno, sanduku la muziki lilikuwa kimya kwa mara ya kwanza.

"Sikiliza," Numa alisema, akasogeza kiti. "Unauma sana. Ukiuma zaidi ndipo anatoka kuku. Ukifika pale, legeza, kisha ulie. Kwa koo lako mwenyewe, ndani ya saksafoni, kama mtu kakukanyaga kidonda. Usiwaze noti. Chombo kitakufuata."

"Nilie nini, bwana?"

"Huna cha kulilia?"

Wendell alifikiri. "Mama yangu hajui kwamba naondoka leo."

"Basi unacho."

Kijana alimaliza sahani, akamshukuru Bi Eulalie, akachukua vitu vyake. Mlangoni alikuta Earline amesimama, na akasita, kwa sababu alijua kwamba yule ndiye aliyekuwa hamtaki. Earline alimtengeneza ukosi wa koti.

"Usingoje karafuu," alimwambia. "Likianza tu kuuma, nenda kwa daktari. Na mama yako umpigie simu kutoka Memphis."

Walimsikia akishuka ngazi. Kisha, kutoka kona ya mtaa, mlio ukapanda, mkali, wenye kidonda ndani yake, ukakatika. Kwa Bwana Zeno mteja mmoja alichungulia dirishani na povu shavuni, akitafuta nani katia sarafu. Wasichana waliokuwa wanaruka kamba waliujibu.

Numa alikuwa ameshika shavu la kushoto. Lilimuuma kweli, pale ambapo hapakuwa na jino. Maumivu yakapita, naye akaachia mkono.

"Mama," alisema, "Bwana Zeno wanazika lini?"

"Kesho, saa nne." Bi Eulalie alikuwa anakomba sufuria na hakugeuka. "Kofia nyeusi ya baba yako iko juu ya kabati. Nimeifuta vumbi tangu Ijumaa."

Numa alivuta mwiko uliokuwa kando ya sahani. Akaugeuza, akautazama mpini, akakunja midomo yote miwili. Hakuna aliyecheka. Earline aliinuka mezani akaingia chumbani, na wakamsikia akipiga magoti, akisogeza sanduku la mashuka, akivuta kitu kizito kutoka chini ya kitanda.